Likizo ya kujipikia: Chakula rahisi cha familia kutoka diko hadi sufuria

Shule zinapofungwa mwishoni mwa muhula wa tatu, familia nyingi katika Kaunti ya Kilifi huanza kupanga safari fupi. Kuna wanaotoka Kaloleni, Rabai na Ganze kwenda kuwaonyesha watoto bahari ya Watamu au Malindi. Kuna wanaopokea jamaa kutoka Nairobi na sehemu nyingine za bara, wakachanga pesa ili wakodi nyumba moja itakayowatosha wote kwa siku mbili au tatu. Nyumba hizi huwa na jiko, friji na vyombo, na mgeni hujipikia mwenyewe.

Kujipikia ndiko kunakoiwezesha familia ya kipato cha kawaida kusafiri. Hata hivyo, likizo nyingi huharibikia jikoni. Gesi huisha wali ukiwa nusu mbichi. Mchele umenunuliwa lakini chumvi imesahaulika. Mama huondoka nyumbani akiwa amechoka na kurudi akiwa amechoka zaidi, maana siku zote tatu hajatoka kwenye meko. Tatizo kubwa zaidi ni mtoto kuanza kuharisha usiku wa pili, mbali na zahanati mliyoizoea.

Mengi ya haya yanaweza kuepukika kwa kupanga mapema. Haya ndiyo mambo ya kuzingatia kabla ya safari na mkiwa huko, pamoja na mpango wa mapishi ya siku tatu kwa familia ya watu sita.

Uliza kuhusu jikoni kabla ya kulipa

Wapangaji wengi huuliza idadi ya vitanda na umbali wa kufika ufuoni, wakasahau jikoni. Kabla ya kutuma amana, muulize mwenye nyumba maswali haya:

- Jiko lina meko mangapi, na mtungi wa gesi ni wa kilo 6 au kilo 13? Nani atalipa ukiisha?
- Friji inafanya kazi? Stima ikipotea kuna njia nyingine?
- Sufuria kubwa kabisa inatosha wali wa watu wangapi?
- Kuna mbuzi ya kukunia nazi, chujio, mwiko na kisu kinachokata?
- Maji ya mfereji yanatoka wapi? Ni ya kunywa au ni ya kuoshea tu?

Swali la mwisho lina uzito wake hapa pwani. Nyumba nyingi zilizo karibu na bahari hutumia maji ya kisima, ambayo huwa na chumvi. Yanafaa kuoshea sakafu, lakini hayafai chai wala kunywa. Kadiria lita 2 za kunywa kwa kila mtu kwa siku. Kwa watu sita na siku tatu hizo ni lita 36, yaani mitungi miwili ya lita 20. Panga mapema utakapoyapata.

Iwapo kwenu hamli kila nyama, au hampendi kutumia vyombo ambavyo hamjui vilipikiwa nini, bebeni sufuria mbili zenu. Hazina uzito na mtakuwa na utulivu wa moyo.

Nini kibebwe, nini kinunuliwe huko

Kanuni ni rahisi: beba vitu vikavu, nunua vibichi. Nyama na samaki waliobebwa kutoka nyumbani hupita saa kadhaa kwenye joto la matatu, na hiyo ni hatari. Mboga nazo hufika zimenyauka, ilhali mtapita sokoni njiani.

Vya kubeba kutoka nyumbani kwa watu sita:

- Mchele kilo 2
- Unga wa ugali pakiti moja ya kilo 2
- Pojo (ndengu) nusu kilo
- Mafuta ya kupikia lita 1
- Majani ya chai, sukari na chumvi
- Vitunguu maji kilo 1 na vitunguu saumu viwili
- Viungo vya pilau vilivyokwisha kusagwa na kuchanganywa
- Manjano kidogo na ukwaju
- Kiberiti, sabuni ya vyombo, kitambaa cha jikoni na kisu kimoja kikali

Mchanganyiko wa pilau hurahisisha kazi sana. Ukiwa nyumbani, saga pamoja bizari ya pilau vijiko viwili vikubwa, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, iliki sita, karafuu sita na kipande cha mdalasini chenye urefu wa kidole. Tia kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko. Siku ya kupika hutahitaji kinu wala kutafuta duka la viungo.

Vya kununua huko ni samaki, kuku, mayai, nazi, nyanya, ndimu, mboga za majani, mihogo na matunda. Ukielekea Watamu, utapita Gede na Timboni ambako mboga na matunda huuzwa kando ya barabara. Desemba ni msimu wa maembe, na wakulima wa Malindi na Magarini huwa na ngowe, boribo na maembe dodo kwa wingi. Pesa mnazotumia kwenye vibanda hivyo hubaki kwa wakulima na wachuuzi wa kaunti hii.

Mpango wa siku tatu

Kupika milo mitatu mikubwa kila siku ni kuhamisha tu kazi ya nyumbani hadi mahali pengine. Mpango huu una upishi mmoja mkubwa kwa siku, na milo iliyosalia ni ya kununua au ya dakika chache.

*Siku ya kufika, jioni.* Mmechoka na soko halijulikani liko wapi. Kuleni pojo ya nazi na chapati zilizopikwa nyumbani asubuhi hiyo. Chapati kavu husafiri vizuri zikifungwa kwa kitambaa safi zikiwa zimepoa. Pojo haihitaji kulowekwa na huiva kwa takriban dakika 40. Mbaazi kavu na maharagwe zinaweza kuchukua saa mbili na kumaliza gesi.

*Siku ya pili.* Kifungua kinywa: mahamri na mbaazi za nazi kutoka kwa mama wa mtaani anayepika kila asubuhi. Beba bakuli lako lenye kifuniko na uende mapema, kwani kufikia saa tatu huwa zimekwisha. Chakula cha mchana: wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Jioni: chai, mkate, mayai na maembe.

*Siku ya tatu.* Kifungua kinywa: mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha na chai. Mchana: pilau ya kuku na kachumbari. Jioni: ugali, mchicha wa nazi na samaki wa kukaanga wa mama karanga, mkila wakiwa bado moto.

*Siku ya kuondoka.* Maliza mayai, mkate na matunda yaliyobaki. Kilichosalia bila kupikwa, kama unga na vitunguu, kirudi nanyi nyumbani.

Namna ya kupika

*Pojo ya nazi.* Chagua na uoshe pojo nusu kilo, chemsha kwa maji mengi hadi zilainike. Kaanga kitunguu kimoja na saumu, tia nyanya mbili na manjano kidogo, mimina pojo pamoja na maji yake kiasi. Malizia kwa tui zito la nazi moja na chumvi, acha ichemke polepole kwa dakika tano. Nazi hii moja ibebwe kutoka nyumbani.

*Wali wa nazi.* Kuna nazi mbili, kamua tui zito vikombe viwili na uliweke kando. Ongeza maji kwenye machicha, kamua tena upate tui jepesi vikombe vitano. Chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele vikombe vinne uliooshwa, koroga mara moja na ufunike. Tui likikaribia kukauka, mimina lile zito, punguza moto uwe mdogo kabisa, funika vizuri na uache kwa dakika 15. Kwenye gesi wali huungua chini kwa haraka kuliko kwenye makaa, hivyo usiuache peke yake.

*Mchuzi wa samaki.* Tumia kilo moja na nusu ya samaki wa vipande. Kaanga kitunguu na saumu, tia nyanya nne zilizokatwa na manjano, ziache zivurugike. Mimina tui jepesi la nazi moja na maji ya ukwaju kidogo. Mchuzi ukichemka, panga vipande vya samaki na upike kwa dakika 10 hadi 12 bila kukoroga. Tikisa sufuria tu ili wasivunjike. Ongeza tui zito mwishoni.

*Pilau ya kuku.* Kaanga vitunguu vinne hadi viwe vya hudhurungi, kwani rangi ya pilau hutoka hapo. Tia saumu iliyopondwa na vijiko viwili vikubwa vya viungo ulivyobeba, kisha vipande vya kuku mmoja mzima. Geuza kwa dakika 10, tia viazi vitano na nyanya mbili. Ongeza vikombe saba vya maji na chumvi, acha kuku aive. Pima supu iliyobaki: kwa mchele vikombe vinne unahitaji supu vikombe saba, ikipungua ongeza maji. Tia mchele, ukikauka punguza moto na ufunike kwa dakika 20. Sufuria moja imepika kila kitu, na sufuria ya kuosha ni moja.

*Mchicha wa nazi.* Osha mafungu matano ya mchicha kwa maji mengi ya kunywa, kwa sababu mchanga wa pwani hujificha kwenye shina. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha, ukilainika mimina tui la nazi moja. Dakika tatu zinatosha. Mkipata mtsunga, uchanganye na mchicha nusu kwa nusu ili watoto wasilalamikie uchungu wake.

Kuhusu mihogo, menya maganda yote, ondoa mzizi wa katikati, chemsha hadi ilainike kabisa na umwage maji yaliyochemshia. Mhogo mchungu una sumu ambayo haiondoki kwa kuchoma nusunusu, kwa hivyo muulize muuzaji kama ni mhogo mtamu. Ukiuonja ukawa mchungu, uutupe.

Kuchagua samaki kwenye diko

Bei na wingi wa samaki hufuata upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia na wavuvi hutoka kwa wingi. Wakati wa kusi, hasa katikati ya mwaka, bahari huchafuka, mashua nyingi hukaa pwani na samaki huadimika. Familia inayosafiri likizo ya Agosti ipange kuku na pojo zaidi, na ihesabu samaki kuwa bahati njema.

Nenda diko wakati mashua zinaingia na uwaulize wenyeji saa, kwa kuwa hubadilika kila siku na maji kupwa na kujaa. Samaki mzuri ana macho maangavu yaliyojaa, matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza. Harufu yake ni ya bahari. Akinuka ukali wa kupaliza pua, mwache.

Kwa familia yenye watoto wadogo, chagua vipande vya nguru au kolekole, kwani miiba yake ni mikubwa na huonekana. Tafi na changu ni watamu lakini wana miiba midogo. Tafi pia ana miiba yenye sumu kwenye mapezi, hivyo mwachie mchuuzi mwenye uzoefu amsafishe.

Mambo matatu hayana mjadala. Kwanza, usinunue samaki aina ya bunju kwa yeyote wala usimpike uliyemwokota ufuoni. Sumu yake huua na haiondoki kwa kupikwa. Pili, usile nyama ya kasa. Kasa analindwa na sheria, na nyama yake imewahi kuwaua watu katika maeneo mbalimbali ya pwani. Tatu, jodari, nguru na kibua wasikae juani. Wakipata joto hujenga sumu ambayo moto hauiondoi, na anayekula huwashwa mwili, uso humwiva na kichwa humuuma. Beba ndoo yenye barafu, na samaki akifika nyumbani aende moja kwa moja kwenye friji au sufuriani.

Kuzuia ugonjwa na ajali

Joto la pwani ni rafiki wa vijidudu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wali unahitaji uangalifu zaidi. Ukiachwa usiku kucha kwenye sufuria, vijidudu vyake hutoa sumu inayobaki hata ukiupasha moto hadi utoe mvuke. Pika kiasi kinacholiwa. Kikibaki, kitandaze kwenye chombo kipana kipoe haraka, kiingie friji, na kiliwe siku inayofuata baada ya kupashwa moto sawasawa. Stima ikipotea usiku kucha, tupa chakula cha nazi, nyama na samaki. Hasara yake ni ndogo kuliko gharama ya hospitali.

Maji yasiyo na uhakika yachemshwe hadi yatokote kabisa kwa dakika moja, au yatibiwe kwa dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya kibandiko. Kachumbari na matunda yaoshwe kwa maji hayo hayo. Kisu na ubao uliokatia kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kula na baada ya kutoka msalani.

Mtoto akiharisha, anza mapema kumpa maji ya chumvichumvi ya pakiti kutoka duka la dawa. Kama hayapo, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe sawa bila kufurika. Mpe kidogo kidogo, na mtoto mchanga aendelee kunyonya. Akiharisha maji matupu mfululizo, akitoa damu, akishindwa kunywa au macho yakizama, mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi.

Kuhusu gesi, paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kichwa cha mtungi mara mnapofika. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja na mwenye nyumba aitwe. Funga mtungi kila usiku. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, watoe watu nje, na usiguse swichi ya taa wala kiberiti. Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya nyumba wala kuachwa chumbani usiku, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Chakula cha ufuoni

Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za kitaifa, fuo, misitu na maeneo ya hifadhi nchini. Hii ni pamoja na chupa za maji, vikombe, sahani na mirija. Anayezuru hifadhi za bahari za Watamu na Malindi au msitu wa Arabuko-Sokoke abebe chupa za kujazwa tena, sahani za bati na hotpoti. Mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga na ndizi hazihitaji vyombo vingi wala hazimwagiki. Uchafu wote urudi nanyi.

Kazi igawanywe

Mpango wowote utashindwa kama mtu mmoja ndiye atakayeubeba. Mama naye yuko likizoni, na nyanya aliyekuja kuwaona wajukuu hakuja kukuna nazi. Kabla ya kuondoka nyumbani, andikeni kwenye karatasi nani anapika mlo gani, na kila mlo uwe na watu wawili. Baba anaweza kwenda diko na kupika mchuzi, kwani maelezo yako hapo juu. Vijana wakune nazi na kuosha vyombo. Wadogo wachague pojo, waoshe matunda na kutandika mkeka. Aliyepika asioshe vyombo.

Kwa dharura yoyote mkiwa safarini, piga 999 au 112 bila malipo. Nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Mkishuku kuwa chakula mlichonunua kimewadhuru, toeni taarifa kwa afisa wa afya ya umma katika kituo cha afya kilicho karibu, ili wengine wasidhurike. Iandikeni nambari ya mwenye nyumba na jina la kituo hicho cha afya, mbandike karatasi hiyo kwenye mlango wa friji siku mnapofika.